Shikamoo ya Mombo

Jumapili, mwezi una siku 6, Mfunguo Sita. Handeni.

Natwanga mtama tangu alfajiri. Mchi mzito kuliko jana. Kicheche kala kuku mmoja usiku. Angenila mimi, nyama yangu ingemkaba.

Mchana kapita mpagazi toka milimani, kaleta neno la binti yangu Mwajuma. Mimba imemlaza, hasimami. "Mwambie mama aje. Nataka nimwone." Neno limelala njiani siku ngapi, hajui.

Mwajuma ndiye aliyebaki. Ndui ilichukua wawili, njaa ya nzige ikachukua mmoja. Nina jino moja tu, nalo linauma.

Shemeji yangu ananikataza. Toka Mombo kupanda mlima hadi kwa Mwajuma ni kutwa nzima, hakuna kwenda na kurudi, na mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake. Nimemwambia sirudi. Nitalala jikoni. Mkwe akiona haya, afumbe macho.

Goti la kulia limevimba. Kesho naondoka.

Jumatatu, mwezi 7. Njiani.

Goti limekataa kabla jua halijapanda. Nimekaa njiani kama furushi lililoanguka. Wapagazi wamenipita, hakuna aliyenitazama. Kila mmoja ana mzigo wake, sawa. Lakini macho hayana uzito.

Akaja mwenye punda wa chumvi. Nikashika mkia wa punda. Yule mtu kapiga kelele. "Nipige au nipandishe," nikamwambia. Kanipandisha. Ananuka, punda ana nafuu. Nimemwombea dua hata hivyo, na nusu ya muhogo wangu nimempa.

Jumanne, mwezi 8. Korogwe.

Nimevuka Ruvu, huu mto uendao Pangani. Gari moshi limenipita likilia kama mwanamke mwenye uchungu. Sikupenda sauti ile. Askari kanifukuza stesheni: "Toka bibi, hapa si sokoni." Nikamwambia mama yake alizaa kiboko, si mtu. Haikunisaidia.

Nimekaa kwenye kokoto za reli mpaka jua likazama. Nimechoka na Mungu leo. Naandika hivyo hivyo, Yeye anajua kusoma. Shule ya Mdachi sikuiona. Herufi hizi za Kiarabu alinifundisha marehemu mume wangu, jikoni, kwa mkaa.

Jumatano, mwezi 9. Mombo.

Nilijikokota hadi Ngombezi, kwenye mashamba ya mkonge. Nikakuta kiberenge, kile kigari cha reli kinachosukumwa na watu, kimepakia mataruma ya kulazia reli, yanapelekwa Mombo. Kiongozi wao Mnyamwezi, jina lake Masanja. Moyo ukafunguka. Mnyamwezi ni mtani wetu Wazigua, na mtani haombwi, hunyang'anywa. Nikampokonya kofia, nikapanda juu ya mataruma, nikaikalia.

"Shuka, kizee! Hiki hakibebi nyani."

"Nyani ni babu yako, aliyetembea toka Unyamwezi kuja kulamba chungu changu. Sukuma!"

"Na ukifa njiani?"

"Utanizika. Kazi ya mtani nini?"

Wenzake wakacheka, wakasukuma. Njia nzima ananitukana. Eti matako yangu yamepinda reli. Eti meno yangu yamekimbia mdomo. Nimemjibu yote, na ya mama yake nimeongeza. Nilicheka hadi nikasahau goti.

Tumefika Mombo jioni. Masanja kaenda kwa wauza ndizi walioshuka mlimani leo, aniulizie njia ya kwa mkwe wangu. Kakaa huko. Karudi na fimbo aliyoikata. Kanipa kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama. Upande polepole."

Nikamuuliza, unaumwa? Hakucheka. Kachoka, mtoto wa watu, kusukuma kutwa. Nimemrudishia kofia yake.

Alhamisi, mwezi 10. Juu.

Nilianza kupanda alfajiri. Jiwe, mzizi, jiwe. Mahali pengine nilipanda kwa mikono.

Wanawake wawili walikuwa wanashuka na vikapu. Nikawauliza hali ya Mwajuma. "Fika kwanza, bibi."

Mbele kidogo, mzee na mbuzi wake. "Fika kwanza."

Mwanamke mwingine hata sikumaliza kumuuliza. Kanipokea furushi, kageuka, kaanza kupanda nami alikotoka. "Fika kwanza, mama."

Hapo nikajua. Hata kwetu msafiri haambiwi msiba njiani, asije akaanguka. Maneno hayo nimewaambia wengi. Sikujua yana ladha hii.

Na shikamoo ya Masanja nikaielewa. Mtani hakuamkii shikamoo. Mtani akikuheshimu, kuna maiti.

Nilikaa. Nyika yote ilikuwa chini yangu, hadi kwetu. Ningeshuka pale pale, ningefika Handeni na mtoto mzima. Nikapanda.

Kafa Jumanne usiku, mtoto tumboni. Wamemzika jana adhuhuri. Adhuhuri jana nilikuwa juu ya kiberenge, nacheka.

Ijumaa, mwezi 11.

Nilimzaa Ijumaa. Ndiyo maana Mwajuma.

Jumamosi, mwezi 12.

Wananiletea uji. Siutaki. Kila mtu mpole. Wananong'ona, wananishika kama yai. Upole wao unaniua. Mkwe wangu analala nje mlangoni, mimi nimelala ndani kwake. Mila imevunjika na hakuna aliyekumbuka kushangaa.

Sijalia. Macho makavu kama kisima cha Handeni wakati wa kiangazi. Wote wanajua ilipasa niwe mimi. Hakuna anayesema.

Jumapili, mwezi 13.

Masanja kapanda. Kelele zake nilizisikia kabla sijamwona. Kaingia matangani na kofia kichwani, kajitupa kwenye mkeka wangu, kaangua kilio cha uongo.

"Jamani, mmekosea! Mmezika hindi, mmeacha gunzi!"

Watu wa mlimani wakaduwaa. Akanigeukia.

"Na wewe kizee, kaburi ulilikimbia kwa goti lipi?"

Nikamtandika kwa fimbo yake mwenyewe. Nikacheka. Kicheko kikakatika katikati, nikalia mpaka jua likaondoka mlangoni. Hakunibembeleza. Alikunywa nusu ya uji wangu, nusu akanisukumia.

"Kunywa, nyani. Sipandi mlima huu mara mbili kwa ajili yako."

Nikanywa.

Baadaye kaenda kaburini kwa Mwajuma, kapanga mawe. Peke yake, kimya. Nilimwona toka hapa.

Kashuka sasa hivi. Kachukua ugoro wangu. Hakuomba, hakuaga, hakuniamkia. Nimekaa mlangoni, namsikia akishuka.