Mtunzi na Mtunza wa Mkoa

Nyumbani,
Nyuma ya Ghala la Posta,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi kutoka kwetu. U hali gani? Na lile goti, bado linakugomea ngazini? Sisi huku wazima, ila Shangazi sauti imemkauka na daktari anasema haitarudi. Ndiyo maana anakiacha kiti cha utunzi, na kamati inangoja jibu lako.

Umeuliza, kabla hujakubali wala kukataa, cheo chenyewe kilianzaje. Kilianza kwa kosa. Babu yetu ndiye wa kwanza kuteuliwa Mtunzi Mkuu wa Mkoa, atunge mashairi ya sherehe na misiba. Karani akapiga chapa "Mtunza Mkuu". Babu alipofika kazini, msimamizi akakuna kichwa: "Mtunza nini sasa, mzee?" Akachungulia nje, akaona majani yamefika madirishani. "Basi, bustani."

Babu hakuwa mtu wa kubishana na muhuri. Akashika jembe. Asubuhi analima, jioni anatunga, na hakuna aliyejisumbua kusahihisha.

Baada yake akaja fundi cherehani tuliyemwita Vina. Huyo ua na gugu kwake mamoja. Aling'oa waridi zote, lakini msibani aliliza hata wachimba kaburi. Kisha Shangazi, mwanamke wa kwanza. Watu walinung'unika wee, mpaka alipofungua kinywa.

Sasa ofisa mpya amegundua kosa, akakigawa cheo: Mtunzi mbali, Mtunza mbali. Utunzi wamekutaka wewe. Bustani wamenipa mimi.

Sikufichi, iliniuma sana. Wewe uliondoka, mimi nikabaki hapa natunga mwaka hadi mwaka. Nilinuna mpaka mke wangu akanichoka. Kisha nikalisoma tena shairi ulilotunga Mama alipofariki, nikajua kamati haikukosea.

Ukikataa, ofisa amesema cheo kitafutwa kabisa. Nami nakujua, Dada: utataka kukataa ili usinipite mdogo wako. Usithubutu. Hilo ndilo sitakusamehe.

Shangazi anakusalimu kwa mkono, maana kinywa hakimtii. Mjane wa Vina naye anakusalimu. Msalimie shemeji na wapwa zangu wote.

Mungu akulinde safarini, kwa maana ofisa nimeshamwambia unakuja.

Mdogo wako akupendaye, na wivu wake kidogo.