Mgeni wa Tumboni mwa Koko

Lweba, tarehe 9 Mei 2024

Kwa Mama Nadège, mshauri wa kipindi cha familia katika redio yetu ya Baraka,

Nakuandikia nikiwa nimeapa kukueleza yote, hata yale yanayochekesha, kwa sababu ukijua nusu utanishauri nusu. Mimi ni Ketsia, mwanafunzi wa mwaka wa tano wa sekondari, upande wa biokemia, na ninaishi na bibi yangu mzaa baba, Koko Dorothée, muuza ndagala kavu katika soko la Baraka.

Mwezi uliopita mwalimu wetu wa biolojia, Bwana Anatole, alitufundisha kwamba wataalamu wanatengeneza roboti ndogo kuliko punje ya chumvi, zitakazoogelea ndani ya mwili wa mtu na kupeleka dawa mahali penye ugonjwa bila kumpasua, nami nilifurahi kiasi kwamba sikuvua hata sare ya shule, nilimkuta Koko akianika samaki nikamweleza yote, naye akaacha kazi akaniuliza maswali ambayo hata darasani hakuna aliyeyauliza.

“Kale kadudu ka chuma kanakula nini?”

“Hakakule kitu, Koko. Banakasukuma na sumaku kutoka inje.”

“Na kakimaliza kazi, kanatokea wapi?”

Nilimjibu kama tulivyofundishwa, kwamba nyingine zitayeyuka na nyingine zitatoka kwa njia ya chooni. Alicheka mpaka akakaa chini. “Basi hako ni kageni ka heshima. Kanajua mulango.”

Shida ni kwamba Koko ana mawe kwenye nyongo. Yalionekana kwenye picha ya hospitali, na daktari akasema lazima apasuliwe, kwa maana siku moja nyongo inaweza kuvimba na kumwua, na wapasuaji waliokuja kutoka Bukavu wapo Baraka mpaka Jumamosi ya wiki ijayo tu, jina lake limeshapokelewa, lakini sasa amekataa. Anasema anamngoja mgeni, kale kadudu ka chuma, kaje kamwondolee mawe. Nyumbani kwetu mgeni akishatangazwa, mwenye nyumba habomoi ukuta wala haanzi safari mpaka afike, na Koko anashika desturi hiyo kuliko mtu yeyote, kwa hiyo ameacha pilipili na mawese ili mgeni akute mahali safi, na kila asubuhi anakunywa maji ya moto, ati anamfagilia njia. Na tangu aache mafuta, maumivu yametulia, basi anawaambia bamama wa pwani ya ziwa, wauza samaki wenzake, kwamba mgeni ametuma habari njema.

Baba mdogo Nicolas anamtania kila siku. “Mama, huyu mugeni wako anakuya na miguu?”

“We nyamaza, Nicolas. Hata weye ulikawia kuzaliwa, na nilikungoja.”

Mama Nadège, nyumba yetu haijawahi kuwa na kicheko kama mwezi huu. Koko ananiita “dokta yangu, muke mwenzangu” mbele ya watu, kwa ule utani wa bibi na mjukuu, na jioni ananitaka nirudie somo, na mimi naona raha kwa sababu kabla ya hapo hakuna aliyewahi kuniuliza ninasoma nini. Nikimwambia kwamba roboti hizo bado ziko katika maabara za mbali, naogopa nitamvunja moyo na hataniamini tena. Nikinyamaza, Jumamosi itapita, na naweza kumpoteza.

Tafadhali usiisome barua hii hewani, maana Koko anakusikiliza kila Alhamisi na anakujibu kwa sauti kama vile uko jikoni kwake. Dieumerci, mwendesha pikipiki aliyekuletea, atangoja jibu. Nimwambieje Koko kwamba mgeni wake hatafika kabla ya wapasuaji kuondoka?

Ketsia

*

Ketsia mwanangu,

Nimecheka, kisha nikaacha kucheka. Dieumerci anakunywa chai hapa na ameshatazama jua mara mbili, kwa hiyo nitasema haraka.

Bwana Anatole hakukudanganya, na wewe hukumdanganya Koko. Ulisahau tu kumwambia kwamba ni habari za kesho. Kuna hospitali kubwa ambako mgonjwa humeza kidonge chenye kamera, hilo lipo. Lakini hizo roboti za kuogelea nyingi bado zinajaribiwa kwenye maabara na kwa wanyama, na hakuna iliyo njiani kuja Lweba kuondoa mawe. Ulipaswa kumwambia siku ile ile alipoacha pilipili. Tena, maumivu yametulia kwa sababu ameacha mafuta, mawe bado yamo. Mwambie hivyo hivyo, leo, bila kuzunguka.

Sasa nikugombeze. Umeniandikia vizuri juu ya desturi ya mgeni, lakini sikuona mahali ulipomwuliza bibi yako kama anaogopa. Mwanamke anayesifiwa pwani nzima kwa mdomo wake hawezi kusimama mbele ya wenzake akasema kitanda cha kupasuliwa kinamtisha. Mgeni amempa njia ya kukataa kwa heshima. Wewe unahangaika na roboti, yeye anahangaika na kisu.

Usimnyang'anye mgeni. Mwambie atakuja, lakini kwa wagonjwa wa baadaye, na kwamba wewe unataka kuwa miongoni mwa watakaomtengeneza, na katika kazi hiyo unamhitaji mtu wa kukuuliza kadudu kanatokea wapi. Kisha nenda naye hospitalini mapema, msingoje siku ya mwisho. Mwombe daktari amwonyeshe atakatwa wapi na amweleze dawa ya usingizi inavyofanya kazi. Mwombe pia amwekee mawe yake kwenye kichupa, maana aliyewatangazia bamama mgeni hawezi kurudi sokoni mikono mitupu. Nicolas aanike samaki siku hizo, na utani auweke kando mpaka mama yake apone.

Lakini kabla ya hayo yote, kaa karibu naye, mwulize taratibu: “Koko, unaogopa kisu?” Kisha nyamaza, na usimfundishe kitu chochote mpaka amalize kusema.

Mama Nadège