Kemunto Atatoka Mlimani?

Kebirigo, Nyamira
Jumatano, 14 Agosti 1996

Kwa kaka yangu Hamisi,

Assalaam aleikum. Barua yako ilinifikia Ijumaa, siku moja baada ya kutoka eda. Niliisoma nimesimama mlangoni, na nikaona ajabu kusimama hapo, maana kwa miezi minne na siku kumi mlango ule nilikuwa nauona kwa ndani tu. Je, goti la Mama linaendeleaje? Bado analipaka yale mafuta yanayonuka nyumba nzima? Na ule mnazi ulioinamia paa la jikoni mmeukata, au bado mnalala mkiusikiliza? Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini baridi ya huku inanifanya nile, na majirani hawaniachi nilale njaa. Juzi nililetewa chinsaga, zile mboga chungu za hapa, zilizolala kwenye maziwa usiku kucha. Siku nilipoolewa nilizitema. Sasa naramba sahani.

Umeandika kwamba mwisho wa mwezi utakuja kunichukua, na kwamba chumba changu kimeshapakwa chokaa. Kaka, nilipofika hapo nililia. Ahsante. Lakini nakuomba usije kwanza. Nipe muda hadi Novemba, labda Desemba. Tafadhali usikasirike kabla hujamaliza barua, na kama unamsomea Mama, hapa mpe maji kwanza, kisha uendelee.

Sababu ni katuni.

Naona umekunja uso. Ngoja nikueleze vizuri, kwa kuwa nilipokuwa nakuandikia zamani sikuwahi kukusimulia habari hii. Niliiona kama mchezo wa mume wangu.

Unajua marehemu Twaha alikuwa fundi wa redio. Kibandani kwake alikuwa na televisheni ndogo, isiyo na rangi, aliyoifufua mwenyewe baada ya mwenye nayo kuikatia tamaa. Aliiendesha kwa betri ya gari, na antena aliifunga juu ya mti mrefu wa mkaratusi. Kila Jumamosi saa kumi na moja jioni kulikuwa na katuni ya Kiingereza, ya nchi ambayo mlima wake ulimeza mito yote, na msichana mmoja akaingia ndani na kibuyu kuirudisha. Watu wa soko walipenda kutazama, lakini Kiingereza kile kilipita kama upepo. Basi Twaha akawa anasimama kando ya televisheni na kuwasimulia, Kiswahili na Kikisii pamoja. Alikuwa akigonga juu ya kisanduku mara mbili kwa kifundo cha kidole, akisema, "Haya tulieni, mlima umeamka." Hapo hata anayenunua nyanya aliacha kununua.

Shida ni kwamba Twaha aliishia darasa la nne. Kiingereza alikijua cha kwenye maboksi ya betri. Mimi niliyefika kidato cha pili nilikuwa nakaa nyuma, nasikia yanayosemwa na yanayosimuliwa, nauma ncha ya mtandio nisicheke. Mfalme wa nchi ile alimfanya chifu, anayewatoza watu mchango wa kujenga ukuta. Na yule msichana alimwita Kemunto, kwa sababu siku ya kwanza kabisa msichana wa mbele, Kemunto, binti wa Nyaboke muuza ndizi, alipiga kelele, "Huyo anafanana na mimi!" Watu wakacheka, na jina likakaa.

Ile hadithi ya kwanza iliisha vizuri, mito ikarudi. Mwaka juzi ikaja hadithi ya pili. Kemunto ameshakuwa mtu mzima, ana binti, Twaha akampa jina Moraa, na mlima umefungua mdomo tena. Wakati huo Kemunto wa Nyaboke naye alikuwa ameolewa huko Marani. Mwaka jana alipatwa na homa akafariki. Alizikwa Jumatano. Jumamosi ya wiki iliyofuata Nyaboke alikuja kibandani akakaa mahali pake pa siku zote, juu ya kreti ya soda, kitambaa cheusi kichwani. Hakuna aliyethubutu kumwambia arudi nyumbani.

Na siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya kipindi cha mwisho. Kemunto wa katuni aliushika mlango wa mlima kwa mgongo wake ili Moraa atoke, na mlango ukamfungia ndani. Moraa akasema kwa Kiingereza rahisi kabisa, hata mtoto wa darasa la tano angeelewa, kwamba mama yake amekufa. Kisha akaokota mawe, akayarundika moja juu ya jingine pale mlangoni, akapiga magoti.

Twaha alimtazama Nyaboke, akatazama televisheni, akasema, "Moraa anasema mama amebaki kuzuia mlango. Haya mawe anaweka alama, mama akitoka asipotee njia. Tutaonana nao wakirudi."

Watu wakaondoka wakiongea taratibu. Nyumbani nilimgombeza. Nilimwambia, "Umewadanganya. Wakirudi na Kemunto hayumo, utasema nini?"

Alikuwa anachovya mkate kwenye chai, unajua alivyopenda mkate uliolowa hadi ukatike. Akasema, "Nitajua nikifika."

Hakufika. Mimi ndiye niliyefika, kaka.

Nilipokuwa eda wanawake wa soko walikuja kunipa pole, kila mmoja kwa siku yake. Walikuwa wakiketi, wakilia nami kidogo, na kabla ya kuaga ilikuwa lazima niulizwe: "Na Kemunto je, atatoka?" Mwanzo niliona vibaya. Nikajisemea, watu gani hawa, mume wangu yuko mchangani na wao wanaulizia katuni. Baadaye nikaanza kulingoja lile swali. Lilikuwa ndilo neno pekee la siku nzima lililotazama mbele.

Mwezi uliopita Nyaboke alininunulia nyama. Alipoifungua, gazeti lililoifunga lilikuwa na ukurasa wa vipindi vya televisheni, na katikati ya damu kulikuwa na picha. Niliutambua ule mlima kabla sijasoma. Hadithi ya Moraa itaendelea, vipindi kumi na vitatu, kuanzia Jumamosi ya tarehe kumi na saba. Tuliuanika ukurasa ule kwenye kamba kama kanga. Hata sasa uko mbele yangu ninapoandika, umekauka, una doa linalofunika nusu ya mlima.

Kwenye picha Moraa amesimama peke yake. Kemunto hayupo. Lakini Moraa amebeba kitu mgongoni, na hicho ndicho kinachoniua kwa hamu. Mzee Ombati, fundi viatu jirani na kibanda chetu, anaapa kwamba ni mzigo wa mahindi. Kijana wa bucha anasema ni ngoma. Mimi naona kichwa cha mtoto. Ni mtoto wa nani? Moraa ameolewa lini, na sisi tulikuwa wapi? Na kama mlango umefungwa, mito inatokea wapi, maana nyuma yake maji yanaonekana? Nimeutazama ukurasa ule kwa kioo cha Twaha cha kutazamia nyaya ndogo. Sijapata jibu. Kaka, sikutegemea kwamba ningetamani kujua jambo lolote tena mwaka huu.

Tatizo ni kwamba, kwa mujibu wa watu wote, msimuliaji sasa ni mimi. Alhamisi nilipotoka, nilifungua kibanda nipanguse vumbi. Kofia yake bado iko kwenye msumari, na nilipovuta droo ikatoka ile harufu ya risasi ya kulehemu, nikakaa chini. Mzee Ombati akachungulia.

"Mama Twaha," akasema, maana huku wananiita kwa jina la mume, "betri ina moto?"

"Sijui, mzee. Bado."

"Ipeleke Nyamira ichajiwe. Jumamosi si mbali. Na ujifunze Kikisii, hicho Kiswahili chako cha pwani ni kirefu, mlima utalala tena kabla hujamaliza sentensi."

Nikacheka, kaka. Nilicheka kwa sauti mpaka nikaona aibu.

Lakini usiku nilikuwa silali. Nilijua Kemunto hatatoka. Nilisikia kwa masikio yangu. Nikajiuliza nifanye nini mbele ya Nyaboke. Nikisema ukweli, namfanya mume wangu mwongo, na yeye hawezi kujitetea. Nikiendeleza uongo, nitaupeleka wapi kwa vipindi kumi na vitatu? Nilitaka hata kukuandikia uje upesi, nikimbie kabla ya Jumamosi. Barua hiyo niliianza. Iko chini ya godoro.

Jana nikaona heri nimwambie mwenyewe. Nilimkuta Nyaboke akipanga ndizi zake, nikamwomba tukae kando. Nikaanza kuzunguka: Kiingereza ni kigumu, marehemu hakusoma sana, huenda siku ile hakusikia vizuri. Alinitazama tu, kisu mkononi.

"Unataka kuniambia Kemunto alikufa," akasema.

Nikaokota ndizi moja, nikairudisha.

"Yaya, mama," ndiyo hapana ya Kikisii, "mbona unajitesa? Wangu nilimzika Marani, nikiona. Mimi nisijue kaburi? Mtoto akiokota mawe akapiga magoti, anaweka alama ya njia?"

"Mlijua?"

"Soko zima lilijua. Hata Ombati, ambaye haoni tundu la sindano."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuna aliyesema. Akaendelea kupanga ndizi, akaniambia bila kuniangalia, "Mumeo alinitazama mimi kwanza, ndipo akasema. Aliona siku ile singeweza kulibeba jambo hilo mara mbili. Akalishika yeye. Sasa mtu akikushikia mzigo, unapiga kelele kwamba mzigo ni mzito? Tulinyamaza. Tena tulitaka kuona atatokaje humo, kwa sababu alikuwa mjanja."

Nilikaa pale kwenye maganda. Siku zote nilidhani mimi peke yangu ndiye niliyekuwa najua, nikiwa nyuma na mtandio mdomoni. Kumbe wote walikuwa wakimsikiliza kama mimi.

Nikamwambia, "Mwenyewe alisema atajua akifika."

Nyaboke akachomoa nakala nyingine ya ukurasa ule ule kutoka chini ya ndizi. Alikuwa ameutafuta kwa yule wa bucha, ule wetu akaniachia mimi. Akaweka kidole kwenye mgongo wa Moraa. "Huyu ni mtoto. Ombati ni mjinga. Kwetu, mtu akienda, anayezaliwa nyuma yake anachukua jina, nyumba isikae bila kuliita. Mke wa mwanangu alijifungua mwezi wa sita. Unafikiri tumemwita nani?"

"Kemunto."

"Sasa hivi amelala kwenye kapu nyuma yako, usimwamshe. Kwa hiyo Jumamosi huyu wa mgongoni akigeuza uso, wewe useme jina lake, na mumeo atakuwa hakudanganya mtu. Alisema atatoka. Hakusema atatoka akiwa na ukubwa gani."

Kaka, nilimtazama yule mtoto kapuni. Ana nyusi nzito kama za bibi yake, na amekunja ngumi.

Sasa naweza kukuambia ukweli. Sijui katuni hiyo itasema nini. Huenda mtoto ana jina lake la Kiingereza, gumu kama kokwa. Huenda kweli ni ngoma. Mimi nitasimama pale kando, mahali ambapo sakafu imelika kwa viatu vya Twaha, nitamsimulia kila mtu kwa Kiswahili changu kirefu, na nitajua nikifika. Vipindi kumi na vitatu vikiisha nitafunga kibanda, nitawapa shemeji zangu wa Kisii mjini vifaa vyake wagawane kwa haki, na nitarudi nyumbani kwenye chumba changu cha chokaa. Lakini sitaki kuondoka katikati. Yeye aliondoka katikati.

Najua huko watasema mjane ametoka eda juzi na tayari anasimama sokoni mbele ya televisheni. Waambie ni kazi ya mume wangu namalizia. Si uongo.

Betri imerudi kutoka Nyamira leo mchana. Niliijaribu. Mwanzo zilikuja chenga tupu, nikapanda mwenyewe juu ya kiti, nikaizungusha antena kidogo kidogo, huku Mzee Ombati akipiga kelele nje, "Rudisha! Rudisha! Hapo! Umeipita, mama!" Mwishowe akatokea mtu anasoma habari, ana vichwa viwili, kisha kimoja. Nikazima haraka, nisimalize moto.

Mpe Mama salamu, mshike goti kwa niaba yangu. Msalimie wifi yangu Zuhura, mkeo, mwambie kanga aliyonipa niliivaa siku ya kutoka. Msalimie shangazi Bimkubwa aliyetulea, umweleze bado naweka hiliki kwenye chai hata wakinishangaa. Na mwalimu wetu wa madrasa, kama bado anaona, mwambie yule msichana aliyekuwa akisinzia amekuwa msimuliaji.

Jumamosi saa kumi na moja mtakuwa mnakunywa chai ukumbini. Wakati huo mimi nitagonga kisanduku mara mbili. Nikumbukeni.

Dada yako,
Mwanaisha