Mlango Unaofika Chini

Mutuini, Dagoretti,
Nairobi.
Jumamosi, 2 Septemba 2006.

Mpendwa Senge Millicent, shangazi yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima, goti limepoa, na wale kuku wako hawajaanza tena kwenda kutaga kwa jirani. Ndugu yangu Shem ameniambia kwamba umekataa kwenda hospitali mpaka umalize kupalilia. Senge, mahindi hayatakukimbia. Nenda ukaangaliwe hilo goti.

Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Chakula tu ndicho kinachopita kwa shida, na usingizi pia umenihama. Usishtuke, siumwi. Naogopa. Na kwa kuwa wewe ndiye uliyenishika mkono nikajifunza kuandika, nimeona nikueleze wewe kabla shule haijafunguliwa keshokutwa. Kwa simu ningelia, na salio lingeisha kabla sijafika katikati.

Unajua mwaka huu nilipewa Kiswahili cha darasa la saba. Nilipoingia niliwakuta watoto wamekaririshwa mianzo ya insha kama wimbo. Kila insha ilianza na ndege wakiimba mitini na jua likichomoza kwa madaha. Insha ya ajali ya basi ilianza na ndege. Ya mazishi nayo, ndege. Wewe ungewachapa. Mimi nilipiga ndege marufuku. Niliwaambia kwamba atakayeniletea ndege anayeimba nitampa sufuri, na kwamba nataka kitu ambacho yeye peke yake amekiona kwa macho yake.

Msamiati nao niliutoa kwenye orodha za ubaoni. Kila Ijumaa mtoto alileta neno moja kutoka kazini kwa mzazi wake, akalieleza, kisha akalitungia sentensi. Kuna msichana anaitwa Syokau, mdogo wa mwili, mkimya, ambaye mama yake husuka nywele pale Kenyatta Market. Yeye alileta neno "fumua". Sentensi yake ilikuwa: Mama hufumua nywele za watu na habari zao pia. Darasa lilicheka, na mimi nikajua hapo nina mwandishi.

Na tulipokuwa tukisoma hadithi, swali langu lilikuwa moja. Nani anamwogopa nani, na tumejuaje ilhali hatujaambiwa? Mwanzoni walinikodolea macho. Baadaye walilizoea hata wakawa wanaliuliza wao kabla yangu. Mtu kahamisha kiti, mtu kanyamaza, mtu kafunga redio, wote mikono juu. Senge, nilijiona mwalimu kwelikweli. Nilitembea shingo juu.

Mwezi wa saba niliwapa insha: Mtu Anayeheshimika Mtaani Kwetu. Syokau aliandika juu ya mzee mmoja asiye na jina ambaye akiingia kwenye ploti ya vyumba vya kupangisha watoto huacha mpira na akina mama hukumbuka kazi za ndani. Mzee huyo huvaa gambuti, zile buti za mpira za matope, hata wakati wa kiangazi, na hupiga mluzi wa wimbo wa kanisani anapokuja kudai kodi. Nakuandikia kipande kimoja jinsi kilivyokuwa, maana nimekishika kwa moyo:

"Mlango wetu haufiki chini. Kabla hajabisha, mimi huwa nimeshaziona gambuti zake zimesimama. Mama huzima redio. Sisi hukaa hivyo mpaka gambuti zigeuke. Jirani yetu Ndungu alichelewa kulipa, mlango wake ukang'olewa. Sasa hufunga nyumba kwa shuka, na kila apitaye humsalimu akiwa kitandani. Yeye huitika kwa heshima."

Hakuna mahali alipoandika kwamba anaogopa. Nilimpa thelathini na sita juu ya arobaini. Nilimuuliza mzee huyo ni nani, akaniambia, "Ni mtu tu, ticha." Sikumsukuma. Nilikuwa na haraka ya kufurahi.

Shule yetu ina desturi yake siku ya kufunga muhula. Aliyeandika insha bora huisoma mbele ya wazazi, kisha mwenyekiti wa kamati humkabidhi zawadi. Mwaka huu tulitoa pia kijarida cha insha za watoto. Nilishuka mwenyewe hadi River Road kuchapisha, nikarudi nimekumbatia furushi kama mtu aliyetoka kujifungua. Insha ya Syokau ilikuwa ukurasa wa kwanza.

Mwenyekiti wetu ni Mzee Waithaka. Mimi nilimjua kwa suti yake ya kijivu na kofia anayoivua akisalimia. Nilijua ana nyumba za kupangisha huku ndani, lakini sikuwa nimewahi kufika, maana mimi napanga upande wa barabarani. Sikuwa nimewahi kumwona amevaa gambuti, Senge. Wazazi wote walikuwa wamewahi kumwona.

Syokau aliposimama kusoma, nilikuwa nyuma nikitabasamu kama bibi harusi. Alipofika kwenye mluzi, akina mama wawili walicheka, kisha wakafunika midomo. Alipofika kwenye gambuti, hakuna aliyecheka tena. Madam Wahu, mwalimu wetu mkuu, aligeuka akanitazama, na uso wake ndio ulionifahamisha mzee wa insha ni nani. Mzee Waithaka alikuwa mstari wa mbele akifuata kwa kidole kwenye kijarida chake. Mtoto alisoma mpaka mwisho. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo, ila nilikuwa nimemfundisha kutua kwenye nukta, na kila alipotua kulikuwa na kimya ambacho sitaki kukisikia tena.

Zawadi ilikuwa kamusi. Ilibidi Mzee Waithaka asimame aitoe, naye alisimama. Aliivuta kidogo mtoto alipoishika, kama mtu ambaye bado hajaamua, kisha akamwambia kwa sauti ya kawaida, "Wewe unaona vizuri." Akaiachia. Akakunja kijarida, akakitia mfukoni mwa koti, akaenda zake bila kula.

Toka siku hiyo sijapata amani. Angenifokea ningejua pa kushika. Hakusema neno kwangu, wala kwa Madam Wahu, wala kwa mama Syokau. Madam Wahu alinionya ninyamaze, nisiende kuligusa tena jambo hilo. Lakini mimi nilijua kilichoupata mlango wa Ndungu, na nilijua mwalimu aliyemfundisha mtoto kuandika habari ya milango ni nani. Mtoto na mama yake waking'olewa, nitakuwa nimewang'oa mimi.

Nilijaribu kwenda kumwomba msamaha. Nilifika hadi getini kwake na maneno yangu nimeyapanga vizuri, nikasikia mluzi ndani ya ua. Nikageuka. Nakuambia wewe kwa sababu hutanicheka sana.

Wiki mbili zilizopita nilimfuata mama Syokau Kenyatta Market. Alikuwa anasuka mteja, akanionyesha kiti kwa kidevu, na mikono yake haikuacha kazi. Aliniambia taratibu kwamba Mzee alikuja na fundi. Hawakubisha wala kusalimia. Fundi alipima mlango, urefu na upana, akaandika kwenye kiganja, wakaondoka. Yeye hana deni hata la mwezi mmoja, na ndiyo maana alikuwa hajui aombe nini.

"Ticha, mimi sina hasira," akaniambia. "Nataka tu kujua. Wewe ulijua ni yeye?"

Nikamwambia sikujua.

"Na Syokau je, alijua?"

Mteja alikuwa anatutazama kwenye kioo. Mama Syokau akaendelea na msuko wake, na aliponisindikiza alinishika mkono kwa upole, jambo lililoniumiza kuliko matusi. Niliomba njia nzima mpaka nyumbani. Niliomba hata yule fundi avunjikiwe msumeno, Mungu anisamehe.

Juzi Alhamisi nilikuwa nafua, simu ikalia. Alikuwa mama Syokau. Alisema neno moja tu, "Wameng'oa." Niliacha nguo kwenye karai, nikakimbia na sapatu miguuni. Boda boda ilikataa kuingia kwenye matope ya huko ndani, nikamalizia kwa miguu huku nikijiambia kwamba nitawaleta kwangu wote wawili, kitanda nitawapa, mimi nitalala chini.

Nilikuta majirani wamesimama huku na huku. Mlango wa zamani ulikuwa umelazwa uani, mbao zake za chini zimeoza. Fundi alikuwa anapigilia bawaba za mlango mwingine, mpya, wa mbao za saiprasi, bado unanukia. Chini pale kizingitini alikuwa amemwaga saruji ikafika sawasawa na mbao. Syokau alikuwa amesimama kando akiwa ameikumbatia ile kamusi, maana ndicho kitu alichowahi kuokoa ndani. Mama yake alikuwa na redio.

Mzee Waithaka alikuwepo, na gambuti zake. Hakunitazama. Fundi alipomaliza, Mzee aliufungua mlango na kuufunga mara kadhaa, akamwita mtoto. Akamwambia aingie ndani, ajifungie. Syokau alinitazama mimi kwanza. Mimi, Senge, nilitikisa kichwa kumkubalia, maana nilishindwa kufanya lingine. Akaingia, akafunga. Mzee akasogea akasimama mlangoni, ncha za gambuti zikigusa mbao, akauliza, "Haya. Unaona nini?"

Kisha sauti kutoka ndani ikasema, "Sioni kitu."

"Sawa," akasema. Akamlipa fundi pale pale, akaondoka akipiga mluzi wake ule ule. Alipokaribia kupinda kwenye kona akamwambia mama Syokau kwamba huo mlango hautaongezwa kwenye kodi.

Majirani walimpongeza mama Syokau. Walisema mzee ameguswa, kumbe ana moyo, kumbe mtoto ameleta baraka. Ndungu peke yake alirudi ndani akateremsha shuka yake. Mama Syokau alinishukuru, akachemsha chai, akawasha redio. Nilikunywa hiyo chai nikitazama chini ya mlango, pale palipokuwa na mwanga. Giza tupu.

Mimi ndiye ninayewauliza watoto wa watu nani anamwogopa nani, na tumejuaje. Huo mlango nimeshindwa kuusoma. Huenda mzee aliona haya, akatengeneza palipooza kama mtu yeyote muungwana. Huenda alisoma insha kuliko sisi wote, akaziba mahali pale pale mtoto alipokuwa akichungulia. Nimeligeuza hili jambo siku mbili. Wewe umeishi na watu wengi, niambie unavyoliona.

Syokau alinisindikiza hadi barabarani. Njiani akasema, "Ticha, hiyo mlango ni poa. Haingizi baridi. Lakini saa hii akikuja, atakuwa amefika kabla nimuone."

Nilimwambia asiogope. Yeye hakuwa ameniambia kwamba anaogopa.

Akaniuliza Jumatatu tutaandika insha gani, ndio aanze kufikiria. Alikuwa ananitazama kwa yale macho yake, Senge, na nyuma yake, mbali kule ndani, mluzi ulikuwa unasikika. Nikamwambia tutaandika juu ya asubuhi njema. Nikamwambia anaweza kuanza na ndege.

Nisalimie Shem na shemeji Awiti, na umwambie mtoto wao Quincy kwamba sijasahau kalamu zake za rangi. Wasalimie pia wa kanisani wanaonikumbuka, nao waniombee bila kuulizia ni kwa nini. Mungu akulinde wewe na goti lako, akupe mvua ya kutosha na majirani wema, na aniongezee mimi ujasiri ambao kinywa changu kilininyima juzi.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata ninapotetemeka,

Lornah