Kabula Amempa Konokono Jina Langu

Igalula, Jumapili. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na sasa yamebaki yale manyunyu ya kumchosha mtu roho.

Hivi nyie mlikuwa wapi? Watu wamelima, wamepanda, wengine wameoa na kuachana, na hapa hamjabisha hodi! Kuna kitu kwenye simu hii kinaonyesha wangapi wamepita kusoma. Kwa muda mrefu kilionyesha mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi, nilikuwa nachungulia kama mmekuja.

Marahaba. Najua hamjaniamkia, naitikia tu ili tusigombane. Kaeni.

Kwa mgeni: mimi Nyamizi, muuza matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha. Nauza stesheni, treni ikisimama. Shule sikwenda. Mimi nasema, simu inaandika. Ikikosea, mgombeze aliyeitengeneza.

Leo nina hasira na nina furaha, na sijui nitangulize ipi.

Binti yangu Kabula amempa konokono jina langu.

Umesikia vizuri. Konokono. Yule mwenye ute.

Kabula ni daktari. Ukisema hivyo pale stesheni, watu wanakuja na miguu iliyovimba. Mama mmoja alinisubiri na mbuzi anayekohoa. Nimechoka kueleza kwamba si daktari wa watu wala wa mbuzi. Ni daktari wa konokono, na wala hawatibu. Anawajua tu. Yupo kwenye makumbusho huko Dar es Salaam, na analipwa mshahara awajue.

Nilimzaa mvua inanyesha, ndiyo maana ya jina lake, na labda hapo ndipo tulipoharibu. Wenzake mvua ikinyesha wanakimbilia ndani, yeye anatoka. Anarudi mifuko ya sketi imejaa makombe ya konokono, mengine na mwenyewe bado yumo ndani. Nilimchapa, nikamsihi, nikamsomea dua. Wapi! Akafaulu kwenda sekondari Tabora mjini, akafaulu chuo kikuu, akapelekwa Ulaya kwenye baridi akasome zaidi. Muda wote huo nilikuwa nawaambia watu anasomea wanyama, nikitumaini watafikiria simba.

Nilikwenda mara moja kuona anapofanyia kazi. Akanipeleka chumba cha nyuma wasikoingia watalii, makabati kutoka sakafuni hadi darini. Akavuta droo. Makombe madogo yamelala kwenye visanduku kama watoto wa bweni, kila moja na kikaratasi chake: limetoka wapi, nani aliliokota. Akavuta ya pili: kauri, zile zilizopita huku kwetu na misafara, babu zetu wakizibeba mabegani kutoka pwani. Hizo nilizishika kwa adabu. Droo ya tatu ilikuwa na vichupa vya spiriti, na ndani konokono wamelegea, macho hayajulikani yako wapi.

Nikamuuliza, "Kabula mwanangu, wote hawa umewalevya wewe?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Kicheko chake kilinifurahisha. Kazi yake hapana.

Na msifikiri hakuchumbiwa. Alikuja mshenga kutoka Urambo, ukoo wa wakulima wa tumbaku, watu wa heshima. Kabula akaingia kutoka porini, akauweka mkoba wake mlangoni, akaenda kunawa. Mkoba haukufungwa vizuri. Tulipofika kwenye habari ya mahari, konokono alikuwa juu ya kofia ya mshenga, ametoa pembe zote, anasikiliza. Yule baba aliruka kama ameungua. Hawakurudi. Kabula alilia siku ile, nami nikalia naye, kumbe mwenzangu analia kwa sababu mshenga alipokuwa anatoka alimkanyaga konokono mmoja.

Sasa nije kwenye jina.

Kwetu, jina la bibi anapewa mjukuu. Mtoto mwenye jina lako ni wajina wako. Unampakata, unamwogesha, unamfunga kanga, na akikuomba kitu humnyimi. Ukishakufa, mtu akiita "Nyamizi!" hapo uani, kuna anayeitika. Mwanangu wa kiume, Masanja, kazaa wavulana watupu, wanakula kama mchwa. Kwa hiyo jina langu nilimwekea mtoto wa Kabula. Nimeliweka miaka na miaka. Kabula sasa ana mvi hapa mbele, na mimi bado nimeliweka.

Mwezi uliopita anapiga simu, sauti inaruka ruka kama ya msichana. "Shikamoo mama. Nimepata konokono ambaye hajulikani popote duniani. Wenzangu wamemkagua, wamekubali ni mpya. Mimi ndiye wa kumpa jina. Nataka nimpe lako."

Nikamuuliza, ana ukubwa gani? Nilidhani basi walau ni lile dubwana la kwenye mihogo, linalokaa njiani ukalizunguka.

Akasema kama punje ya ulezi.

Ulezi! Mnaonijua mnajua mlangoni napita kwa ubavu. Nikakata simu.

Akapiga tena. Akasema jina hilo linachapwa kwenye jarida la wataalamu, na likishachapwa halifutiki mpaka mwisho wa dunia, kwa hiyo halipeleki bila ruhusa yangu. Nikamwambia ruhusa sina. Akasema basi anakuja.

Kosa nililofanya ni kumsimulia Mzee Kondo. Huyu ni jirani yangu, Mzaramo, alikuja huku na kazi ya reli akastaafu akabaki. Na Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Ana ruhusa ya kunitukana, hata kuchukua kitu changu mbele ya macho yangu, na mimi siruhusiwi kununa. Tangu siku ile, treni ikisimama tu, anapiga magoti mbele ya sinia langu.

"Shikamoo Bibi Ute! Umetoka nyumbani juzi au mwaka jana?"

Abiria wanacheka mpaka wanataka kudondoka madirishani.

"Marahaba, mzigo uliosahaulika stesheni! Kwenu pwani hawakutumii hata salamu!"

"Sikia, mtani. Huyo wajina wako akifa, gamba ni langu. Namtengenezea mke wangu kipini cha pua."

Nilicheka, kwa sababu ndiyo sheria. Nilipofika nyumbani sikucheka.

Kabula alishuka Ijumaa, begi mgongoni, mabuti ya mvua miguuni kama mlinzi. Nilimpikia. Hasira ninayo, lakini siwezi kumlaza mtoto na njaa. Akatazama chakula, akanitazama.

"Mama, umenipa sahani ya wageni."

"Kula."

"Umekasirika."

"Nimesema kula, Kabula."

Jana asubuhi ndiyo tukasemezana. Nilimwambia yote. Jina langu si la kubandika kwenye droo. Jina anapewa mtu unayemwogesha na kumlisha. "Huyo wako mmemtosa kwenye spiriti! Unanipaje wajina maiti?"

Nilitegemea abishe, maana huyu tangu mdogo ni mbishi. Hakubisha. Aliweka kikombe chini.

"Mama, wa kuzaa sikujaliwa. Wewe ulisubiri na mimi nilisubiri. Sasa basi. Kazini walinipongeza, wakapiga makofi, na mimi nikawaza kitu kimoja tu: nimepata wa kumpa jina la mama."

Mimi, Nyamizi, nikainuka.

Nikaanza kukusanya vyombo ambavyo bado vina chakula. Ili tu mdomo usikae bure, nikamuuliza, "Na huyo mdudu wako ulimwokota wapi? Huko porini na nyoka?"

"Si mdudu, mama."

"Nimekuuliza wapi."

Akanyoosha kidole juu ya bega langu. Nyuma ya jiko.

Nyuma ya jiko langu kuna gogo limelala tangu baba yao yuko hai, limeoza, majani yamejaa chini yake. Alipokuja mwaka jana alichukua ungo wangu akapepeta majani pale tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nilidhani amepoteza hereni. Kumbe ndiyo kazi. Ananiambia ametafuta kwenye misitu ya huku kwetu, ametafuta mpaka njia ya Urambo, na mpaka leo hajampata kwingine. Kiangazi ardhi yetu inakauka kama kigae. Mahali penye unyevu mwaka mzima ni pale chini ya gogo tu.

"Kwa nini pale?" nikauliza.

"Maji yako ya kuoshea mchele, mama. Unayamwaga pale kila siku. Na maganda ya viazi yakioza, wanakula. Kiangazi chote wanaishi kwa hayo." Akatabasamu kidogo, kama mtu anayeogopa kutabasamu. "Wewe ndiye unayewaogesha na kuwalisha."

Nilikaa kwenye kigoda. Kigoda kikalia.

Nikamwambia nataka kuwaona. Tukatoka.

Kuku walikuwa wameshatangulia.

Hao ni kuku alioniletea Masanja mwaka huu, jogoo na mitetea, niwe na kitoweo. Na kuku wakiona gogo bovu hawahitaji kuelekezwa. Walikuwa wanachakura mpaka majani yanaruka, wanadonoa, wanameza, wanafuta midomo. Kabula akapiga yowe. Sijasikia yowe kama lile tangu siku ya mshenga. Daktari mzima akakimbia na soksi kwenye tope, kioo chake cha kukuzia kinapigapiga kifuani, huku ananyunyiza maneno ya Kinyamwezi ambayo sikujua bado anayakumbuka. Mimi nyuma na mwiko. Jogoo akaturuka wote wawili.

Mzee Kondo akatokeza kichwa juu ya uzio. "Jamani njooni muone! Wanyamwezi wanagombana na kitoweo!"

Kabula alikuwa ameshapiga magoti, anageuza jani baada ya jani. Hakuna kitu. Anageuza jingine. Hakuna. Akasema polepole, si kwangu, "Nimeshamkosa. Jina halijachapwa hata."

Basi na mimi nikashuka. Magoti haya, hata msikitini siku hizi nasalia kwenye kiti, lakini nilishuka kwenye tope lile na gauni langu. Nikaanza kugeuza majani. Sikuona kitu, macho yangu hayaoni hata sindano. Nilikuwa nampa Kabula kila jani, anatazama, anatupa. Nampa, anatazama, anatupa.

Moja hakulitupa.

Alinishika kichwa kwa nyuma, kama mimi nilivyokuwa namshika nikimnyoa, akanisogezea kioo jichoni. Mwanzoni niliona ukungu. Halafu nikamwona. Kagamba kekundu kama udongo wa kichuguu, kamezungushwa mistari myembamba, kama mkeka uliosukwa na mtu mwenye subira. Kakatoa pembe. Kakaona jicho langu, kakarudi ndani. Kakachungulia. Kakarudi. Kakatoka tena na kukaa, kananitazama kama kana neno na mimi.

"Kaidi," nikasema.

"Sana," Kabula akasema.

"Basi ni wa kwetu. Liandike. Na uwaambie hao wataalamu mwenye jina yuko hai, anauza matobolwa Igalula, wasije wakamwita marehemu."

Kabula alinilalia begani akalia, na safari hii nilijua analia nini.

Wajina akikuomba kitu humnyimi, nimeshasema. Na huyu ombi lake lilikuwa wazi, hata kama hasemi. Kabula alitaka tulizungushie gogo uzio. Uzio gani utakaomzuia jogoo yule? Nikamwita Mzee Kondo, bado yuko pale juu anafurahi.

"Kondo, chukua kuku."

"Kuku gani?"

"Hawa. Wewe si mtani? Chukua, kabla akili haijanirudi."

Tangu nimjue, mara ya kwanza hana tusi. Halafu akauliza kwa sauti ya mtu anayechunga bahati yake, "Na jogoo?"

Jogoo amelala kwenye sufuria ya Kondo tangu jana jioni, harufu ilifika mpaka kwangu. Mitetea anasema atawatunza. Muongo mkubwa.

Leo asubuhi nimemsindikiza Kabula kwenye treni. Hajaniambia kwaheri. Ameinama dirishani anapiga kelele, "Mama, maji ya mchele tu! Ya sabuni usimwage pale!" Abiria wakauliza ni nani hao wa maji ya mchele. Nikawaambia ni wajukuu zangu, wako wengi, mama yao ndiye huyo anayepiga kelele.

Nimerudi, nimeosha mchele, nimekwenda kumwaga. Nimeinama kidogo pale kwenye gogo nikaita, "Nyamizi!" Hakuna aliyeitika. Lakini kuna waliosikia, hilo nina hakika.

Sasa na nyie msinipotee tena. Ukija kunisalimu, pita mlango wa mbele, nyuma ya jiko hakuna njia, hata kama una haraka ya choo. Na kama mama yako alikufundisha adabu ya kumpelekea bibi kuku, mlete ameshachinjwa.