Mtani, Mtama Ulifika

Mtani wangu Rashidi,

Leo sikuulizi hali, kwa mara ya kwanza tangu tujuane. Hali yako naijua. Mimi ni mzima, mguu wa kushoto unauma kama kawaida, na kwenye benchi letu kiwandani amewekwa kijana mmoja Mzaramo anayesugua sufuria vizuri kuliko wewe. Nimeona nikuambie hilo mapema, usije ukalisikia kwa wengine.

Mambo ya hapa Chang'ombe ni yale yale. Tunatengeneza sufuria mwaka ambao watu hawana cha kupika. Mvua zilitupita, unga tunaopata ni ule wa njano kutoka ng'ambo, na foleni pale duka la ushirika inazunguka mpaka nyuma ya msikiti. Mke wangu anasema unga wenyewe unanuka meli. Ungekuwepo ungemwambia Mngoni hana haki ya kuchagua chakula, kwa kuwa tumekua tukila panya.

Nakuandikia kwa sababu ya yaliyotokea siku ulipozikwa, na kwa sababu ya yaliyotokea jana kwenye arobaini yako. Yote mawili yanakuhusu. Lakini kwanza nitarudia habari ya kile kikapu, ingawa unaijua. Nimegundua kuwa nisipoirudia mimi, hakuna wa kuirudia.

Siku tuliyokutana, uhuru ukiwa bado mpya na kila mtu anamwita mwenzake ndugu, uliniuliza kabila langu. Nikasema Mngoni. Ukaweka nyundo chini, ukasema, "Ahaa, mtani!" Kuanzia hapo ukaanza kunitukana mbele ya watu, nami nikakutukana, Myao usiyekosa ngoma ya jando hata ikiwa ya jirani wa jirani. Msimamizi alidhani tutapigana. Alikuwa mtu wa kutoka mbali, hakujua utani ni nini.

Ndipo siku moja, saa ya chakula, nikakusimulia habari ya Mama. Sijui kwa nini. Labda ni kwa sababu kulikuwa na ugali na maharage ya kutosha, na mtu akishiba mdomo unalegea.

Mama alikuwa mtoto wa kufukuza ndege shambani wakati Vita vya Maji Maji vinakwisha. Vita vyenyewe hakuvikumbuka sana. Alichokumbuka ni yaliyofuata. Askari wa Wajerumani walipita wakachoma maghala, wakafyeka mahindi yakiwa bado mabichi, na waliobaki hawakuwa na mbegu ya kupanda wala nguvu ya kulima. Watu wakaingia porini kuchimba ndiga, viazi vya mwituni. Ndiga ina sumu, inatakiwa ilowekwe mtoni siku kadhaa ndipo iliwe, lakini mwenye njaa hangoji. Kaka yake Mama hakungoja, akafa. Baba yao akamshika Mama mkono wakatembea kuelekea Uyaoni, ambako nyumba chache zilikuwa bado na mtama. Akamwacha kwenye nyumba moja. Wenye nyumba wakampa baba yake kikapu cha mtama awapelekee wadogo waliobaki nyumbani. Akaondoka nacho kichwani, na Mama hakumwona tena.

Mama hakuwahi kuuliza kwa nini aliachwa yeye. Hilo alilielewa, yeye ndiye aliyekuwa na miguu ya kufika. Alichouliza maisha yake yote ni kama ule mtama ulifika. Alipokuwa mtu mzima aliwatuma watu wakaulize, wakarudi wakasema kijiji hakipo. Baadaye Waingereza wakawahamisha hata wachache waliokuwa wamebaki upande ule, pakawa hifadhi ya wanyama. Hakuna wa kumwuliza huko sasa ila tembo.

Nilipomaliza, ulivuta sahani. Ukamega tonge. Kisha ukasema, "Kumbe wewe ni mali yetu! Tulikununua kwa kikapu!"

Nilitaka kukupiga, Rashidi. Nakuambia leo kwa kuwa huwezi kunijibu. Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nilikuja kazini nimekaza uso. Nikakukuta umesimama getini, kidevu juu, unaningoja. Ukapaza sauti: "Mali yetu, mtama ulifika?"

Sijui jibu lilitoka wapi. Nilisema, "Ulifika, lakini ulikuwa umebunguliwa."

Ulicheka mpaka mlinzi akatoka kibandani. Na mimi nikacheka. Toka siku hiyo hatukuwahi kuanza kazi bila maneno hayo. Uliniuliza nikiwa na homa. Uliniuliza siku niliyofiwa na mwanangu wa pili, kwa sauti ya chini, ukiwa umenishika bega, nami nikajibu.

Nakumbuka Jumapili ile Mama alipokuja kutibiwa macho, ukaja nyumbani na binti yako Zuhura akiwa mdogo. Uliniuliza toka mlangoni, kama kawaida yako, hukujua kama Mama yupo. Jambo lile nilikuwa sijawahi kuona mtu akilichekea mbele yake. Mama akageuza uso kuelekea sauti yako, akauliza, "Huyu Myao?" Halafu akaanza kusema Kiyao. Mimi mwanawe sikuwahi kumsikia akikisema. Ukamjibu, naye akajifunika mdomo kwa kanga akicheka, na machozi yanatoka. Nilikuuliza mara nyingi mlisema nini, ukawa unanijibu kuwa mali haiambiwi siri za wenye mali. Ninachojua ni kwamba baada ya siku ile Mama hakuuliza tena habari ya mtama mpaka anakufa.

Mara mbili tu uliacha utani. Mara moja uliniambia kwamba hata huko kwenu mwaka ule watu walizikwa kwa njaa, na nyumba iliyotoa kikapu kizima ilikitoa ikijua. Mara ya pili ni pale mwanangu aliporudi shuleni na wimbo wa mashujaa waliopigana na Mjerumani. Wimbo mzuri, ameuimba nyumba nzima. Nikamwuliza kitabu chao kinasema nini kuhusu njaa. Akasema, "Njaa gani, baba?" Nilipokuletea habari hiyo kazini, ulisugua sufuria muda mrefu ndipo ukasema, "Basi tumebaki mie na wewe."

Sasa umekufa, kwa homa ambayo ulisema ni mafua. Nimebaki na jibu, na aliyekuwa akiniuliza hayupo.

Siku ya mazishi nilitaka nikufanyie kama mtani anavyomfanyia mtani. Nilizunguka Tandika na Kariakoo kutafuta mtama, na mwaka huu mtama ni adimu kama sabuni. Nikapata kwa mama mmoja wa Lindi, nikaujaza kwenye kikapu cha ukindu. Jeneza lako lilipotoka nyumbani kwako Temeke, mimi nilikuwa nimekaa katikati ya njia na kikapu miguuni. Nikapiga kelele: "Simameni! Huyo mnayemzika ananidai! Nimeleta mtama wake, nirudishieni mama yangu!"

Unajua ilivyotakiwa iwe. Ndugu zako wangesimama, wangenitukana, wangesema kikapu kidogo, tungevutana mpaka watu wacheke na msiba upungue uzito. Hakuna aliyesimama. Wazee wenu waliojua walikuwa nyuma sana. Aliyekuja ni Issa wako, macho mekundu, na shati la ofisini bado liko mwilini. Akaniambia, "Mzee Kasiani, mie nakuheshimu sana, lakini leo sio siku ya masihara. Tupishe tukamzike baba." Kijana mwingine akanishika mkono akaninyanyua. Nikasikia mtu anasema mambo ya makabila yamepitwa na wakati, na mwingine anasema mzee kalewa. Sikuwa nimelewa, ingawa kwa Mngoni wewe ungelitilia shaka.

Simlaumu Issa. Alikuwa amebeba baba yake.

Mlipita. Vumbi likatulia. Nikahisi kitu kinanitambaa mkononi, nikatazama, ni fukusi. Ule mtama niliouhangaikia ulikuwa umebunguliwa kweli kweli. Nikacheka peke yangu pale njiani, kisha nikalia, nikalia kwa sauti kama mtoto, mtu mzima na mvi zangu. Siku aliyokufa Mama sikulia hivyo. Kaburini sikufika. Mchanga sikukutupia, na hilo linaniuma mpaka sasa. Nilikiacha kikapu uani kwako, kwa Zuhura, bila kusema neno, nikarudi nyumbani.

Wiki iliyofuata Zuhura alikuja akiwa ametoka zamu yake kiwanda cha nguo, pamba imemganda kwenye nywele. Akakaa kwenye kigoda. Akauliza, "Baba, kile kikapu kilikuwa cha nini?" Alisema amekua akisikia swali lako kila Jumapili mlangoni kwangu, akadhani ni upuuzi wa wazee. Nikamweleza yote niliyokuandikia hapa. Aliaga, akaenda. Nilijiona mjinga kidogo, kumtwisha binti wa watu njaa ya zamani wakati ana hii ya sasa.

Jana ndiyo ilikuwa arobaini. Khitma ilisomwa vizuri, chakula kilikuwa kidogo lakini kimepangwa kwa heshima. Nilikaa mwisho wa mkeka, karibu na viatu, nikapanga kuondoka mapema. Nikamwona Zuhura anatoka upande wa wanawake na sahani iliyofunikwa kawa, anapita katikati ya wanaume wote, anakuja kwangu. Akapiga goti. "Shikamoo baba." Nikaitikia marahaba.

Akafunua kawa. Ulikuwa ugali wa mtama, mweusi, unatoa moshi. Akainua kidevu, kidevu chako kabisa, Rashidi, akapaza sauti: "Mali yetu, mtama ulifika?"

Issa alitua kikombe chini. Jibu nilikuwa nalo, nimelitoa kila asubuhi miaka yote hiyo, lakini jana liligoma. Niliangalia ule ugali. Nikamfikiria mtu mmoja njiani, kikapu kichwani, anawahi nyumbani.

"Ulifika," nikasema.

Zuhura alingoja.

"Ulifika, lakini ulikuwa umebunguliwa."

"Najua," akasema. "Nimeupeta mie."

Mzee mmoja wa kwenu kutoka Tunduru alicheka mpaka kofia ikamtoka, akapiga kelele nile upesi wasije wakanidai na mboga. Nikamjibu vibaya sana, mbele ya shehe. Watu wakacheka, na wengine waliokuwa wakicheka hawakujua wanacheka nini. Issa alikuja akakaa karibu nami, akamega tonge kwenye sahani yangu bila kuombwa. Akatafuna. Kisha akauliza taratibu, "Mtama gani huo, mzee?" Nikaanza tena toka mwanzo.

Basi mtani, nakuaga. Jumapili nitakuja makaburini na mwanangu, yule wa wimbo, na nitajilaza juu ya kaburi lako mpaka ndugu zako wanilipe, kwa sababu haki yangu ya siku ile sijaipata. Nakuahidi pia kwamba sitajaribu tena kumkomboa Mama. Nilikosea hapo. Nikimkomboa, mimi si mali yenu tena, na Zuhura hatakuwa na cha kuniuliza.

Nina ombi moja. Huko uliko, ukikutana na mzee wa Kingoni mwenye alama ya kikapu kichwani, ndiye babu yangu. Mwulize. Akikwambia ulifika, mwite Mama asikie. Akikwambia haukufika, Mama mjibu kama ninavyokujibu mimi, asijue.

Mali yenu,
Kasiani