Ukurasa wa Kamusi

Mfaranyaki, Songea
14 Agosti 1995

Mama Anjelika,

Leo natimiza miezi saba tangu niondoke Lusewa. Mimi mzima, ila mgongo unauma kwa kubeba marobota ya tumbaku. Mahindi mmeshapukuchua?

Kiwanda kimeuzwa. Mwenye mali mpya anapunguza watu, na kwenye mashine amebakiza nafasi moja, yangu au ya kaka yako Sipriani. Nyapara alisema atatuuliza neno moja la Kiingereza, "run", na atakayetaja maana nyingi ndiye atabaki. Kamusi ni ya Sipriani. Alinipa mimi kwanza, akasema, "Soma wewe, shemeji, mimi nitasoma kesho." Nikasoma, kisha nikauchana ule ukurasa wenye "run" na kuuficha.

Alipoukosa alicheka. "Shemeji, panya wa chumba hiki naye anatafuta kazi!"

Siku ya mtihani nilitaja maana tisa: kuendesha mashine, kusimamia biashara, maji kutiririka, nguo kuchuja rangi, na nyingine. Sipriani alijua moja tu, kukimbia. Nyapara akamwambia, "Haya, kimbia basi, geti lile pale." Watu wakacheka. Nami nilicheka.

Barua hii anakuletea Sipriani mwenyewe. Bahasha nimeigandisha kwa ugali, na ukurasa umo ndani. Uchome kabla hujamtengea chakula. Kamusi ameniachia, ati mimi itanifaa zaidi.

Nitakuja Krismasi, kama atakuwa bado hajajua.

Mumeo,
Cornel